Kabla Hujafomati

Katika steshenari yangu hapa Ihumwa, Dodoma, maneno yanayofika kaunta mara nyingi kuliko mengine ni haya: "Dada, memori haisomi." Anayasema mpiga picha wa harusi aliyetokea Chamwino, anayasema katibu wa kwaya, anayasema kijana wa upimaji wa viwanja aliyebeba droni kwenye begi. Na kabla sijaipokea kadi, wengi huongeza: "Niliichomeka kwenye kompyuta ya jamaa, ikaniambia nifomati. Nifomati?" Jibu langu ni hapana. Makala hii yote ni maelezo ya hiyo hapana.

Nilifungua duka wakati Ihumwa inaanza kuchangamka. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yake inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973 na kubaki kwenye makaratasi. Mei 2017 akaivunja CDA, mamlaka iliyosimamia ardhi ya makao makuu kwa zaidi ya miaka 40. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka uliofuata Mji wa Serikali ukazinduliwa pale Mtumba, jirani zetu wa mashariki. Mashamba ya mtama na uwele yakawa viwanja. Viwanja vikaleta wapimaji, madalali, mafundi na wapiga picha, na kila mmoja alikuja na kifaa cha kurekodia chenye kadi ya urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11. Hapo ndipo kazi yangu ya pili ilipozaliwa, kwa maana ya kwanza ilikuwa kuchapa na kutoa kopi.

Kompyuta ya kaunta ilikuwa ikiugua kila mara. Flashi moja ikitoka mjini inaingia na kirusi, mafolda ya mteja yanafichwa, na badala yake zinabaki njia za mkato ambazo ukizibofya kirusi kinasambaa zaidi. Mteja anakuja kuchapa barua ya maombi ya kazi anaondoka na ugonjwa. Habari za Linux nilikuwa nimezisikia tangu enzi za Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwishoni mwa 2004. Nikaweka Ubuntu. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwangu vikawa mafaili ya kawaida ninayoweza kuyaona na kuyafuta.

Usalama ndio ulionipeleka kwenye Linux, lakini kilichonifanya nibaki ni uwazi wake. Fungua terminali, andika sudo dmesg -w, kisha chomeka kadi. Kiini cha mfumo kinaandika mstari kwa mstari: kimeona kifaa kipya kwenye USB, kifaa ni kisoma kadi, ndani yake kuna kadi, kadi ina sekta kadhaa za baiti 512, ina patisheni moja. Au kinaandika kwamba kimejaribu kuwasiliana na kadi isijibu. Au kwamba kimeiona kadi nzima lakini kimeshindwa kusoma sekta fulani, na namba ya sekta hiyo kinaitaja. Kompyuta inayomwambia mteja "fomati" inakuwa imepitia hatua hizohizo bila kumwonyesha, kisha inamwekea mbele kitufe kimoja. Mtu wa kawaida hana kosa akikibonyeza, maana ndicho pekee alichopewa.

Kumaunti, yaani kuipa kadi folda ambamo yaliyomo yatafunguka, ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake kisoma kadi lazima kitambuliwe, kadi itambuliwe, ukubwa wake usomwe, jedwali la patisheni lisomwe, na mfumo wa faili ujulikane ni wa aina gani. Pakikwama popote, mteja anaona kitu kilekile: skrini tupu. Kwa hiyo kazi ni kutafuta palipokwama, na kuitafuta kwa kusoma tu, bila kuiandikia kadi chochote.

Naanzia kwenye vumbi. Anayeishi hapa ananielewa. Tangu Juni hadi Oktoba hakuna tone la mvua, upepo wa mashariki unapita juu ya viwanja vilivyosafishwa na greda, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sanduku la nguo. Kadi ya SD ina viguso 9, microSD ina 8, na kimoja tu kikifunikwa mawasiliano yanaweza kukatika. Kwenye kompyuta yenye tundu lake la kadi, kiini hutoa namba mbili ambazo nimezizoea: -110, maana yake kimengoja jibu hadi muda ukapita, na -84, maana yake data imefika ikiwa imeharibika njiani. Namba hizi zinatisha, lakini mara nyingi dawa yake ni kitambaa laini chenye spiriti kidogo, adapta nyingine, na kisoma kadi kingine. Adapta za bei ya chini, zile za kuvalishia microSD ili iwe na umbo la SD, ndizo zinazosumbua zaidi: chemchemi zake hulegea, na kile kitufe cha pembeni cha kuzuia kuandika huteleza chenyewe. Kisoma kadi cha kabla ya 2006 hakiwezi kuijua kadi yoyote ya SDHC, maana SDHC ilikuwa haijatoka. Nimeona kadi nzima, yenye picha zote, ikihukumiwa kufa kwa sababu ya kisoma kadi kikongwe.

Baada ya hapo naandika lsblk, naangalia ukubwa. Hapa wengi hupotea kwa jambo dogo: kadi iliyopita kwenye kisoma kadi cha USB hujitokeza kwa jina kama sdb, lakini iliyopita kwenye tundu la kompyuta yenyewe hujitokeza kama mmcblk0. Anayetafuta sdb peke yake ataapa kwamba kadi haipo, kumbe ipo mstari wa chini. Ukubwa ukionekana sawa, moyo wangu unatulia. Ukionekana sifuri, au megabaiti chache kwenye kadi ya GB 32, najua tatizo liko kwenye kidhibiti cha ndani ya kadi, na maneno ninayomwambia mteja yanabadilika.

Yule kijana wa droni kadi yake ilikuwa ya GB 64. Alikuwa amepiga picha za eneo zima la upimaji, na fundi mmoja mjini alishamwambia kadi imekufa, aifomati arudie kazi. Kurudia kazi maana yake kukodi gari tena, kulipa vibarua wa kufyeka njia tena, na kumweleza mteja aliyekwishalipa. Niliichomeka. lsblk ikaonyesha 59.5, sawasawa na inavyotakiwa, kwa sababu mtengenezaji wa kadi huhesabu kwa 1,000 na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Nikaandika blkid, ikajibu kwamba mfumo wa faili ni exFAT. Nikajaribu kumaunti, ikakataa ikisema aina hiyo haiijui. Hapo hapakuwa na ugonjwa wowote kwenye kadi. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa imepungukiwa.

Jambo hili lina historia inayostahili kujulikana. Kwa kanuni za kadi za SD, kadi za SDHC, za hadi GB 32, hutoka kiwandani zikiwa na FAT32, na za juu ya hapo hutoka na exFAT. exFAT ilikuwa mali ya Microsoft, imezungukwa na hataza, kwa hiyo watengenezaji wa Linux hawakuweza kuiingiza kwenye kiini kwa uhuru. Miaka mingi kadi kubwa zilizokuwa zinafunguka kwenye kamera na simu zilikataa kwenye Linux ambayo haijaongezewa kitu. Agosti 2019 Microsoft ikachapisha maelezo yake, na Novemba mwaka huohuo kiini cha Linux toleo la 5.4 kikatoka na uwezo wa exFAT. Toleo la 5.7, mwaka 2020, likaja na draiva bora iliyotoka Samsung. Kompyuta yangu ya wakati ule ilikuwa na toleo la nyuma ya hayo yote. Dawa ilikuwa vifurushi viwili, exfat-fuse na exfat-utils, nilivyovipakua kwa bando la simu wakati kijana amesimama pale mlangoni hataki kukaa. Picha zikafunguka zote. Alipiga simu kwa bosi wake akiwa bado ameshika mlango.

Ninasisitiza habari hii kwa sababu uamuzi uliofanywa mbali kabisa na sisi, kuhusu hataza na sheria, ulikuwa karibu kumfanya kijana wa Ihumwa afute kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Na bado zipo kompyuta nyingi za zamani maofisini na mashuleni zenye matoleo ya kabla ya 5.4. Anayezitumia hajui, na hakuna anayemwambia.

Kadi bandia nitazitaja kwa ufupi. Ni kadi iliyoandikwa GB 128 ikiwa na GB 8 za kweli, kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Inafunguka vizuri, inapokea, inaonyesha majina ya mafaili na ukubwa wake, hadi siku unapovuka kiasi cha kweli. Kuanzia hapo kinachoandikwa kinapotea, au kinaandikwa juu ya vilivyotangulia, na kikiangukia kwenye jedwali la faili kadi nzima inakataa kufunguka. Kwaya moja ya jirani ilipoteza hivyo nyimbo za Krismasi. Programu ya f3, aliyoiandika Michel Machado, huijaza kadi kisha huisoma tena na kusema kiasi cha kweli. Naiendesha kwenye kila kadi mpya ninayoiuza, na nawaomba wenye maduka wenzangu wafanye hivyo, kwa kuwa anayekuuzia kadi ya namna hiyo anakuuzia msiba wa baadaye.

Kuna kadi nyingine sikuweza kuifungua, na hakuna ambaye angeweza. Mama mmoja alileta kadi iliyokaa kwenye simu ya mumewe marehemu. Linux iliiona yote, safi, bila sekta mbovu hata moja. Lakini patisheni zake ziliitwa android_meta na android_expand, na nilipoyaona majina hayo nilijua. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu inaweza kukuuliza kama unataka kadi itumike kama sehemu ya kumbukumbu yake ya ndani. Ukikubali, inaifomati na kuisimba, na ufunguo unabaki ndani ya simu ileile. Nilimuuliza simu iko wapi. Akasema ipo, ila alikuwa ameipeleka kwa fundi kutolewa patani, na fundi akairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ufunguo uliondoka hapo. Nilimweleza taratibu, naye akanisikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama kungekuwa na tofauti lau angekuja kwangu kwanza. Nilimwambia ukweli, kwamba ndiyo, ingekuwapo. Tangu siku hiyo kila anayeleta simu ya marehemu namwambia: kadi na simu vikae pamoja, na patani isiguswe hadi tujue kadi imefomatiwa namna gani.

Sasa nije kwa mteja ninayemwita Mwalimu.

Ihumwa ni mahali alipozaliwa Mathias Mnyampala, mwaka 1917, mshairi aliyeipa ngonjera umaarufu na mwandishi wa Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka 1954. Mwalimu ninayemsema, mstaafu wa shule ya msingi, alikulia kwenye hewa hiyo, na baada ya kustaafu alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alinunua kinasa sauti kidogo akaanza kuzunguka kwa wazee: Ihumwa, Kikombo, Buigiri, Mvumi. Anapiga hodi, anasema "Mbukwenyi," anakaa, anasikiliza. Alichokitafuta zaidi ni habari za Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, wakachukua nafaka, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua ikakataa. Walioiona Mtunya kwa macho wamekwisha. Waliobaki ni watoto wao, walioambiwa na mama zao, na hao nao sasa ni wazee wa kuongozwa mkono. Mwalimu alikuwa anashindana na kaburi, na alijua.

Siku aliyokuja dukani nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitika kwa sauti ndogo isiyo yake, akaweka kadi mezani. "Mwanangu, wazee wangu wote wamo humu." Betri ya kinasa sauti ilikuwa imeisha katikati ya mazungumzo, na baada ya kuchaji kifaa kikawa kinadai kadi ifomatiwe. Mwanawe aliijaribu kwenye kompyuta ya kazini, ikadai vilevile. Wote wawili walikataa. Kukataa kwao ndiko kulikookoa kila kitu kilichofuata.

Kadi ilikuwa ya GB 32, FAT32. Ukubwa ulionekana. Jedwali la patisheni lilisomeka. Kumaunti kukashindwa, na dmesg ikaanza kutoa mstari baada ya mstari wa makosa ya kusoma, yote mwanzoni mwa patisheni. Ukiona hivyo, kila sekunde ya kuichezea kadi ni hasara, kwa sababu kadi inayokufa inaweza kunyamaza wakati wowote. Na kitu kibaya zaidi cha kufanya wakati huo, baada ya kufomati, ni kuendesha fsck juu ya kadi yenyewe. fsck ni programu ya kurekebisha, na kurekebisha ni kuandika. Ikikuta jedwali lililoharibika inaweza kuamua kwamba mafaili hayapo na kulisafisha jedwali liendane na uamuzi huo.

Nilitumia ddrescue, ile ya GNU iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Kazi yake ni kunakili kadi yote, sekta kwa sekta, kuwa faili moja kubwa kwenye diski. Inapokuta pagumu inaruka, inaendelea na palipo rahisi, kisha inarudi pagumu baadaye, na inaandika kwenye faili la ramani ni wapi imefika, hivyo hata umeme ukikatika inaendelea ilipoachia. Umeme ulikatika kweli. Mzunguko wa kwanza niliuendesha kwa kiteuzi -n, kisichong'ang'ania penye ubovu. Sehemu kubwa kabisa ya kadi ilitoka katika mzunguko huo. Kisha nikaiachia irudie pagumu kwa -r3, usiku, feni ikiwa imeelekezwa kwenye kisoma kadi, kwa sababu kwenye chipu hizi data ni chaji ya umeme iliyonaswa, na joto haliisaidii.

Mapengo yaliyobaki yalikuwa madogo kwa ukubwa, ila kubwa lao lilikuwa baya kwa mahali. FAT32 huweka nakala mbili za jedwali lake, lakini huziweka mwanzoni, zikifuatana, na ubovu ulikuwa umezipitia zote mbili. Nilimweleza Mwalimu hivi: mtunza ghala amekufa na daftari lake limeliwa na mchwa, lakini magunia yamo ghalani, tatizo letu ni kujua lipi ni la nani. Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Magunia yamo?" Yamo, nikamwambia.

Kuyatoa magunia ni kazi ya PhotoRec, programu ya Christophe Grenier. Jina lake linataja picha, lakini inafufua aina nyingi za faili. Hailitazami jedwali hata kidogo. Inapita ndani ya nakala ya kadi ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, na faili la sauti la WAV huanza na herufi RIFF zikifuatwa na ukubwa wake. Hapo tulibahatika kwa namna ambayo wengine wanaweza kuipanga: kinasa sauti huandika faili moja kwa wakati, na Mwalimu hakuwa na tabia ya kufuta. Kwa hiyo mafaili yalilala yamenyooka, kila moja kipande kimoja, na PhotoRec iliyatoa mazima. Kadi ya simu, inayofutwa na kujazwa kila siku, huwa na mafaili yaliyokatwakatwa huku na kule, na hapo PhotoRec hutoa vipande. Tangu hapo nawaambia wanaorekodi mambo ya maana: usifute kimoja kimoja ili kupata nafasi. Jaza kadi, inakili mahali pawili, ndipo uisafishe yote kwa kifaa chenyewe.

Lakini yalitoka bila majina. Mwalimu alikuwa ameyapa mafaili majina ya wazee na vijiji. PhotoRec ikatupa herufi f na tarakimu. Tarehe nazo zilipotea. Tukawa na mazungumzo ya wazee wa vijiji vingi, na baadhi yao walikwishafariki, na hakuna karatasi ya kutuambia ni nani anaongea.

Sehemu hii ya kazi haimo kwenye mwongozo wa programu yoyote, na kwangu ndiyo iliyokuwa kubwa. Mwalimu alimleta dada yake mkubwa, bibi asiyeona vizuri lakini mwenye sikio. Tukakaa nyuma ya duka jioni, spika ndogo mezani, daftari mkononi mwangu. Bibi alisikiliza sentensi moja au mbili, akainua mkono. Huyu ni wa ukoo fulani, wa Kikombo. Huyu anaongea kama watu wa Mvumi, subiri acheke nitamjua. Akicheka, bibi anamtaja. Faili moja lilikuwa na ngoma ya muheme tu, wanawake wanapiga na kuimba, hakuna aliyejitambulisha. Bibi akasikiliza mapigo, akasema huyo anayeongoza ni fulani, marehemu, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiingiza mkono wa kushoto namna hiyo.

Kisha akaanza kusahihisha. Mzee kwenye kadi anasimulia jinsi mama yake alivyotembea na watoto kwenda kuhemea wakati wa Mtunya, na bibi anasema hapana, hakupita njia hiyo, alipita huku, mtoto mmoja alibaki njiani, na huyu hakutaka kumtaja kwa sababu ni kaka yake. Mwalimu akanitazama. Nikawasha kurekodi kwenye kompyuta. Kuanzia jioni ile kila faili tulilolipa jina lilipata faili la pili, sauti ya bibi juu ya sauti ya mzee, na Mwalimu anasema la pili mara nyingi lina thamani kuliko la kwanza.

Faili la mwisho, lile betri ilipoishia, PhotoRec haikulitoa. Kinasa sauti huandika ukubwa wa faili mwanzoni mwake baada ya kumaliza kurekodi, na hapa hakikumaliza. Sauti yenyewe ilikuwapo kwenye nakala ya kadi, baada ya mahali lilipoishia faili lililotangulia. Nikakikata kipande hicho, nikakifungua kwa Audacity kama data ghafi, nikaiambia sauti ni ya biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, njia mbili, kama yalivyokuwa mafaili mengine. Kwanza kelele, kisha nikasogeza mwanzo kwa baiti moja, na sauti ya mwanamke mzee ikatoka safi, katikati ya neno. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu kwa muda.

Siku hizi ninapompa mteja kadi yake namwonyesha jambo moja. Linux haiandiki papo hapo. Huweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha huimwaga kwenye kadi kwa wakati wake. Mstari wa kunakili ukifika mwisho, kazi inaweza kuwa haijaisha. Ndiyo maana lazima ubofye kuondoa kadi kwa usalama, au uandike sync na kungoja terminali irudi, ndipo uifunge kwa umount, kisha uichomoe. Anayechomoa mapema anaharibu jedwali la faili, na kesho yake anarudi kaunta na yale maneno ya kila siku. Hapa kwetu umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba haifai kunakilia kitu cha maana. Laptopu ni salama zaidi.

Rekodi za Mwalimu sasa ziko mahali patatu. Diski moja iko kwake, moja kwangu, na moja Dar es Salaam kwa mwanawe, aliyeipeleka kwa treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024. Kila faili lina namba yake ya sha256sum kwenye karatasi iliyochapwa, na mara kwa mara tunazilinganisha, kwa sababu nakala isiyokaguliwa inaweza kuoza kimya kimya. Majina ya mafaili yametajwa pia ndani ya sauti: Mwalimu sasa huanza kila mazungumzo kwa kutamka jina la msimulizi, kijiji na tarehe, ili hata jedwali likipotea faili lijieleze lenyewe.

Limebaki pengo moja. Kwenye mazungumzo ya mzee mmoja wa Buigiri, sekta ambazo ddrescue haikuweza kuzisoma ziliangukia katikati ya simulizi, na hapo panasikika mlio mkali kisha mzee anaendelea na jambo lingine. Mzee mwenyewe hayupo tena, lakini mdogo wake wa kike yupo na anasema anaijua habari hiyo. Uwele ukishavunwa tutakwenda. Mwalimu amenunua kadi mbili za GB 32, na zote nimezipitisha kwenye f3.